Naomba ushauri: msimu wa kugema mepo unakaribia na sina jiko

Wakuu, salamu. Niko Maine, Marekani, na nyuma ya nyumba nina miti 15 ya mepo (maple), ambayo utomvu wake huchemshwa kuwa shira. Mwaka jana niligema mara ya kwanza nikachelewa. Aprili machipukizi yalikuwa yameshaanza kufumuka, shira ikawa na ladha ya ajabu. Safari hii nataka niwe tayari tangu Februari, nikisubiri usiku ushuke chini ya nyuzi 0 na mchana upande juu yake, maana hapo ndipo utomvu hutiririka.

Kinachonitesa ni kuchemsha. Lita 40 hivi za utomvu hutoa lita 1 tu ya shira! Nilichemshia jikoni, mvuke ukabandua karatasi za ukutani, na mama watoto hataki tena kusikia. Je, nijenge jiko la matofali nje, na sinia pana la chuma cha pua? Kuni za msonobari zinafaa?

Pia nimepewa ndoo kuukuu za bati zilizolehemewa kwa risasi, ile metali yenye sumu. Nazihofia. Na tundu jipya la kugemea kwenye shina liwe umbali gani kutoka la zamani? Babu alikuwa mgema wa minazi Tanga, ila mnazi hautobolewi shina.