Dawa ya kibofu yamkausha mama kinywa: aendelee nayo?

Binti wa Langoni, Lamu
Assalaam alaykum. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 71, alikuwa akibanwa na haja ndogo ghafla mchana na usiku, hata mashua ya kuvukia Mokowe akawa haipandi. Mkojo ulipimwa, haukuonekana na maambukizi wala sukari, ndipo daktari akamwandikia oksibutinini ya miligramu 5, mara mbili kwa siku. Hii ni wiki ya tatu. Haja imepungua, lakini kinywa kimekauka hadi mkate wa mofa haumezeki pasipo chai, choo kimekuwa kigumu, na juzi aliniuliza mara mbili kama ameshaswali adhuhuri. Je, dawa iachwe?

Mfamasia, Malindi
Waalaykum salaam, dada. Dawa hiyo huzuia asetilikolini, kemikali ambayo neva huitumia kuuamrisha msuli wa kibofu ujikaze. Na kwa kuwa tezi za mate na utumbo hupokea amri kwa kemikali hiyo hiyo, kinywa kukauka na choo kufunga ni mambo ya kutarajiwa. Linalonitia wasiwasi ni ule usahaulifu, kwani oksibutinini hupenya hadi kwenye ubongo, na aghalabu wazee huanzishiwa miligramu 2.5 tu kwa kila kipimo. Mpigieni daktari leo, kisha mrudisheni kwake pamoja na dawa zake zote, hata za mafua: klofeniramini, ambayo watu huimeza kama peremende, huzidisha athari hizo hizo. Kama ana presha ya macho, daktari alijue hilo pia. Asikae juani, kwa sababu dawa hii hupunguza jasho, na joto la kaskazi mnalijua wenyewe. Akishindwa kabisa kukojoa, au jicho likiuma na kuona ukungu, msingoje miadi.

Mzee wa Shela
Mwanangu, mimi nilibadilishiwa mirabegroni, ambayo hukilegeza kibofu kwa njia nyingine, na mate yakarudi. Bei yake iliniumiza, na kwa kuwa yaweza kupandisha presha, hupimwa kila niendapo kliniki. Kilichoniuma zaidi ni kuiacha kahawa ya barazani baada ya magharibi, finjani nne kila siku. Ila usiku sasa naamka mara moja.

Binti wa Langoni, Lamu
Nimekifungua kijaluba anachowekea vidonge. Klofeniramini imo, nusu karatasi imekwisha. Asema huinywa kila usiku apate usingizi. Daktari nimempigia, na kesho asubuhi tunakwenda.