Naomba ushauri: SMG ya Mtaliani kwenye picha ya babu ni FNAB-43 kweli?

Mjukuu wa Keya
Wakuu, salaam. Ukoo wetu unachapisha kijitabu cha kumbukumbu na mimi nimetwishwa maelezo ya picha. Ipo moja inanisumbua. Babu, aliyekuwa keya (askari wa KAR, jeshi la Mwingereza Afrika Mashariki), kasimama na wenzake wawili mbele ya rundo la silaha walizoteka kwa Wataliani, mkononi kashika SMG (bunduki ndogo inayomimina risasi). Nyuma pameandikwa kwa penseli "Gondar 1941". Binamu yangu kaperuzi mtandaoni kaibuka na jina: FNAB-43. Anasema zilitengenezwa kama 7,000 tu, kwa hiyo babu alishika kitu adimu. Mjomba kashaipenda hadithi. Kijitabu kinakwenda kuchapwa Ijumaa. Niandike au niache?

Chuma cha Pua
Andika tu mkuu, nani atakagua?

Mzee wa Makavazi
Atakagua yeyote anayejua kuhesabu miaka. Hiyo 43 ni 1943. Gondar ilisalimu amri Novemba 1941, na hapo ndipo Mtaliani alipokwisha Uhabeshi. Babu angeishikaje bunduki ambayo haijazaliwa?

FNAB ni kifupi cha jina la kiwanda cha Brescia, kaskazini mwa Italia. Silaha hiyo ilitoka wakati Italia imegawanyika vipande viwili: serikali imesalimu amri kwa Waingereza na Wamarekani Septemba 1943, huku kaskazini Wajerumani wamemrudisha Mussolini. Ilitumiwa hukohuko, dhidi ya wapiganaji wa msituni. Na uadimu wake una sababu. Wakati wenzao wanakunja mabati ili watoe SMG za haraka na za bei rahisi, Brescia walikuwa wanachonga chuma kwa mashine, kipande kwa kipande. Kitako kinakunjwa, magazini (kikasha cha risasi) nayo inalazwa mbele chini ya mtutu. Kazi safi sana, ila kwa vita unavyoshindwa ni anasa.

Binti Songea
Babu yako alikwenda Bama (Burma, Myanmar ya leo) pia? Nimewahi kusoma kwamba jeshi la Bama lilikuwa na SMG ya Kitaliani. Labda penseli imekosea mahali.

Mzee wa Makavazi
Umesoma sawa dada, ila hiyo ni TZ-45 ya ndugu wawili wa Giandoso. Nayo ni adimu, ya mwisho wa vita. Bama waliitengeneza wenyewe baada ya uhuru wao, wakaiita BA-52. Keya walikuwa wamesharudi makwao zamani.

Mjukuu, tuambie unachokiona. Kitako ni cha mbao au chuma? Vifyatulio vingapi?

Mjukuu wa Keya
Nimechukua kioo cha kukuzia cha mama. Kitako ni cha mbao, kinang'aa. Mtutu umevikwa bomba lenye matundu. Kidole cha babu kinaziba kidogo, lakini naona vifyatulio viwili, kimoja mbele ya kingine.

Mzee wa Makavazi
Basi tumemaliza. Hiyo ni Beretta 38A, kazi ya fundi Tullio Marengoni wa Gardone Val Trompia. Kifyatulio cha mbele kinatoa risasi moja moja, cha nyuma kinamimina. Waliopewa mwanzoni ni polisi wa Italia wa makoloni ya Afrika, kwa hiyo kuikuta Gondar si ajabu. Ukitaka maoni yangu, ni bora kuliko hiyo FNAB. Walioiteka waliipenda, hata Wajerumani waliitumia.

Chuma cha Pua
Narudisha maneno yangu. Ila hakikisha iliyobaki ni picha tu, isije ikawa bunduki yenyewe iko chini ya kitanda cha bibi 😂

Binti Songea
Ushauri wangu: bunduki iandike kwa maneno machache. Hao wenzake wawili ndio wa kutafutiwa majina kabla ya Ijumaa.

Mjukuu wa Keya
Asanteni sana. Nimeandika: "Babu (katikati) akiwa na Beretta 38A iliyotekwa, Gondar, 1941." Binamu kanuna. Bibi nimempelekea picha, kaiangalia muda mrefu, akamtaja wa kushoto bila kusita. Wa kulia anasema anamjua kwa jina la utani tu, na halifai kuchapwa.