Naomba ushauri: maua ya msimu yanayohimili jua kali mbele ya nyumba (Kigamboni)

Mwanakigamboni
Wakuu habari za leo. Mbele ya nyumba yangu nina kibustani cha urefu wa mita nne hivi na upana wa mita moja, kimeegemea ukuta unaotazama magharibi. Kuanzia saa saba mchana mpaka jua linazama hakuna kivuli, na ukuta ukiugusa jua likizama bado una moto. Udongo ni mchanga mtupu. Mwezi wa 12 tuna shughuli ya posa ya binti yetu, natamani wageni wakifika getini wapokelewe na rangi: nyekundu, njano, zambarau. Miche ya petunia niliyonunua ikiwa imechanua imekauka yote. Nipande nini, na nianze lini? Tuko mwanzoni mwa Septemba, sijui kama nimeshachelewa.

Kaka wa Mbagala
Dada weka bogenvilia umalize kazi. Haijali jua wala ukame.

Mwanakigamboni
Asante kaka, lakini ina miiba na hapo getini watoto wanapita mbio siku nzima. Halafu nataka maua ya msimu, niwe nabadilisha.

Mtunza Kitalu
Hujachelewa, ila anza wiki hii. Petunia hupenda ubaridi. Lushoto au Arusha utaikuta imenawiri, huku kwetu usiku wenyewe una joto, haipati nafasi ya kupumua.

Kwa ukuta huo ningeanza na zinia. Asili yake Mexico, jua ndiyo chakula chake, na rangi zote ulizotaja inazo. Kutoka mbegu mpaka ua la kwanza ni kama miezi miwili, kwa hiyo ukisia katikati ya Septemba, Desemba itakuwa imeshamiri. Ipande nyuma, karibu na ukuta, sentimita 30 kati ya mche na mche. Katikati weka selosia nyekundu na njano (Nigeria majani yake ni mboga kabisa), na gomfrena ya zambarau, ile yenye maua ya duara kama vifungo vya koti. Mbele kabisa weka potulaka, ile inayotambaa yenye majani manene ya maji. Hiyo haihitaji hata mbegu: omba vipande kwa jirani, chomeka mchangani, vinashika.

Nikuulize, wageni wanakuja saa ngapi? Potulaka hufunguka jua likipanda, na ikifika alasiri maua yake mengi huanza kujifunga. Shughuli ikiwa ya jioni usiitegemee.

Mwanakigamboni
Wanakuja baada ya swala ya alasiri. Basi potulaka itakuwa ya kwetu wenyewe asubuhi. Badala yake mbele niweke nini?

Mtunza Kitalu
Vinka. Yale maua ya petali tano, ya waridi na meupe, unayaona yanajiotea yenyewe mchangani huku pwani. Asili yake Madagascar. Hayajifungi. Lakini kwa mbegu huchukua muda mrefu kuliko zinia, kwa hiyo nunua miche midogo ambayo haijachanua. Na uwaambie watoto wasiitafune, mmea wote una sumu. Ndiyo huo huo unaotoa dawa za saratani, vinkristini na vinblastini.

Mdau wa Kibada
Kabla ya yote aagize lori la udongo mwekundu. Mchanga wa Kigamboni hauoti kitu.

Mama wa Tanga
Hapana baba, lori la nini kwa mita nne? Samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri inatosha: ndoo mbili kwa kila mita, ichanganywe na mchanga mpaka kina cha jembe. Iwe imeoza kweli, ukiishika haina joto wala harufu kali. Ya kuku mbichi itaunguza mizizi.

Mwanangu, nina swali. Unamwagilia maji gani? Na petunia zilikauka vipi, zilinyong'onyea au zilianzia kingo za majani?

Mwanakigamboni
Shikamoo mama. Maji ni ya kisima, yana chumvi kidogo. Majani yaliungua kingo kwanza, yakawa ya kahawia, katikati bado kijani. Na sasa umenikumbusha, juu ya udongo kuna weupe kama unga.

Mama wa Tanga
Marahaba. Basi si jua peke yake, ni chumvi. Nadhani unanyunyiza kidogo kidogo kila jioni? Maji hayo hayafiki chini; jua linayakausha na chumvi inabaki juu, kesho unaongeza nyingine. Mwagilia mara chache lakini nyingi, mpaka maji yashuke chini ya mizizi yaende na chumvi. Fanya asubuhi, mimina shinani, usiloweshe majani. Kisha tandaza makumbi ya nazi au nyasi kavu, ardhi isikauke upesi.

Miche ikiwa bado michanga usiipe maji ya kisima kabisa. Otesha kwenye makopo, mahali panapopata jua la asubuhi tu, umwagilie maji ya bomba au ya mvua. Mvua za vuli zikianza, zenyewe zitaosha udongo; weka mapipa chini ya paa.

Mtunza Kitalu
Mama amemaliza, mimi niliangalia jua tu nikasahau kuuliza maji. Niongeze moja: zinia ikifika kimo cha shubiri moja na kidogo, kata ncha. Inauma roho, lakini hutoa matawi pembeni na maua mengi badala ya moja. Na usiyabananishe, vuli ikileta unyevu majani hushika ukungu mweupe.

Mwanakigamboni
Nashukuru sana wote. Kesho nachukua samadi na mbegu. Nikikata ncha, maua hayatachelewa kupita posa?

Mama wa Tanga
Yatachelewa wiki moja au mbili. Ukisia wiki hii yatawahi. Na maua yakinyauka yakate, usiyaache yafunge mbegu, mche utaendelea kuchanua. Machache tu ya mwisho yaache yakaukie mtini, hizo mbegu utasia tena kabla ya masika.