Popo wa Pemba au ua la Usambara: fungu likitosha kimoja tu, kianze kipi?

Mleta mada:
Wadau, tuseme fungu la uhifadhi linatosha kiumbe kimoja tu. Tumpe popo wa Pemba, ambaye hapatikani kwingine kokote duniani, au ua la zambarau la Usambara, Saintpaulia? Mimi nachagua ua.

Popo namheshimu. Mwaka 1989 walionekana wachache mno, wamemalizwa na wasaka kitoweo na ufyekaji wa misitu. Wanakijiji wakageuka walinzi. Pale Kidike, hukohuko Pemba, mgeni analipa kiingilio kuwaona wakining'inia mchana kutwa, wamejifunga mabawa kama kanga. Miaka ya 2000 walishakaribia 20,000. Kazi imefanyika.

Ua je? Linajishika kwenye ufa wa jiwe lenye unyevu, majani yake yana malaika laini, na kivuli linaazima kwa miti ya jirani. Kata miti hiyo, jua lipige jiwe, ua limekwisha. Halina mabawa ya kuhamia kwingine. Na msiniambie limejaa madirishani Ulaya! Hayo ya vyunguni kwa sehemu kubwa asili yake ni yale ambayo Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani pale Tanga, alimpelekea babake mwaka 1892, kisha wafanyabiashara wakayachanganya wee. Kuku wa kisasa hata wajae mabandani, hawamrudishi wa kienyeji akishakwisha.

Mdau:
Hapo sikubaliani nawe, mkuu. Popo jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Bunduki zikirudi misimu michache, hao 20,000 wanayeyuka. Halafu popo anakula matunda huku akitawanya mbegu usiku kucha, yaani ni mpanda miti asiyelipwa. Hilo ua likitoweka, nani atalala njaa?

Mleta mada:
Kwa mtoto mmoja umenibana, nakiri. Lakini popo wakipungua tutajua, maana wanaonekana angani kila jioni. Jiwe likikauka kule Usambara, nani anapita kuhesabu? Tena kulilinda ua ni kuiacha miti iliyo juu yake isimame, na miti hiyohiyo ndiyo inayotunza mto Zigi, ambao Tanga mjini wanakunywa maji yake. Wewe umeuliza atakayelala njaa. Watakaolala na kiu unawajua.