Mjadala: Je, Ruiru, Rongai na Kitengela ziingizwe katika Kaunti ya Nairobi?

Mleta hoja, mkazi wa Ruiru:

Mvua ya masika inapoanza, swali hili hurudi katika matatu zetu, nami naliweka hapa tulijadili kwa utulivu: je, miji inayoizunguka Nairobi, ambako maelfu ya wafanyakazi wa jiji hulala, iingizwe ndani ya mipaka ya Nairobi, au ibaki katika kaunti za Kiambu, Kajiado na Machakos kama ilivyo sasa? Msimamo wangu ni kwamba ibaki ilipo. Sisemi hivyo kwa sababu nimeridhika na hali yetu.

Nitaanza na gambuti. Kutoka nyumbani kwangu, upande wa Kimbo, hadi kwenye lami ni mwendo wa kilomita moja na nusu, na mvua ikinyesha udongo mweusi wa huku hushika mguu kama simiti mbichi. Kwa hiyo ifikapo saa kumi na moja alfajiri mtaa mzima huwa umevaa gambuti, viatu vya ofisini vikiwa mkobani. Kituoni yupo mama mmoja anayeuza chai na mandazi. Ameweka ndoo ya maji na kitambaa, na kwa shilingi 20 hukutunzia gambuti zako mpaka jioni. Huzipanga nyuma ya kibanda chake jozi kwa jozi, kila jozi imefungwa utepe wa rangi yake, maana zote ni nyeusi. Tunaporejea saa mbili au saa tatu usiku, yeye huwa amekwisha kwenda zake, na mwanawe ndiye hutushikia tochi tukizitafuta. Si mara moja nimefika nyumbani na buti mbili za mguu wa kushoto.

Lami hiyo ni Barabara Kuu ya Thika, ambayo Rais Mwai Kibaki aliifungua Novemba 2012 ikiwa na njia nane, na ndiyo iliyotuleta huku. Kabla yake mashamba ya kahawa yalikuwa yakikatwa polepole. Baada yake ploti za futi 50 kwa 100 ziliuzwa kama njugu. Alfajiri, kabla foleni haijaanza, matatu hunifikisha Pangani kwa muda uleule nilioutumia kutembea topeni.

Wanaotaka tuhamishiwe Nairobi hudhani kwamba tope hilo limeletwa na mpaka. Ruai na Mwiki ya Kasarani ziko ndani ya Nairobi. Nendeni mkazitazame mwezi wa Aprili. Tena mpaka wa kaunti haubadilishwi kwa tamko la jukwaani. Kifungu cha 188 cha Katiba kinataka tume huru ipendekeze, kisha theluthi mbili ya wabunge wote wa Bunge la Taifa na theluthi mbili ya ujumbe wa kaunti katika Seneti waunge mkono. Sioni Kiambu ikiuachilia mji ambao sensa ya 2019 iliuhesabia watu 490,120, wengi kuliko wa jiji la Kisumu lililokuwa na 397,957, hasa kwa kuwa idadi ya watu ni mojawapo ya vigezo vya kugawa fedha za kaunti.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Usiku wa sensa tulihesabiwa tulipolala, kwa hiyo mgao unaotokana na sisi huenda kaunti tunakolala. Kura zetu haziendi huko. Katika ua wetu kuna nyumba 14, na nilipouliza katika mkutano wa wakazi, ni wenye nyumba 3 tu waliojiandikisha Ruiru. Wengine ni wapigakura wa Nyeri, Makueni na Kakamega, na wawili bado ni wa Embakasi, walikokuwa wakipanga zamani. Mkutano wenyewe uliitishwa tuchange fedha za kumwaga changarawe njiani, baada ya kuchanga za askari wa usiku, za taka na za taa moja ya langoni. Jedwali la Nne la Katiba linaziorodhesha taa za barabarani na uzoaji taka miongoni mwa kazi za kaunti, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyesimama kuuliza, kwa sababu hatuna tunayemchagua wala anayehitaji tumchague. Tukihamishiwa Nairobi hali hii, tutakuwa wageni wa kaunti nyingine; kwanza tujiandikishe kupiga kura tunakolala.

Karibuni mnipinge.

Mkazi wa Syokimau:

Ndugu mleta hoja, tope umelieleza vizuri, ila jiji lenyewe umelisahau. Desemba 2018 Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilipiga marufuku matatu kuingia katikati ya jiji, nasi tukashushwa mbali na kutembea kwa miguu pamoja na wazee, wenye mizigo na wagonjwa waliokuwa wakienda hospitalini. Marufuku hayo hayakudumu, lakini jambo la kujifunza lipo. Uamuzi ulitolewa na serikali ambayo mtaa wako wote, hata kama ungalijiandikisha Ruiru, usingaliweza kuiondoa. Nikiwa macho natawaliwa na Nairobi. Machakos hunitawala nikiwa nimelala.

Mimi husafiri kwa gari la moshi. Kituo cha Syokimau kilifunguliwa Novemba 2012, mwezi uleule wa barabara yako, na reli ingetutosha sana kama treni zingekuwa nyingi na kama kungekuwa na utaratibu wa kumtoa abiria kituoni hadi mtaani kwake. Nikishuka nategemea bodaboda, na usiku bei ni ile anayoitaka mwenye pikipiki. Karibu nasi inapita Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyoanza kutumika 2022, lakini hiyo ni ya mwenye gari na ada ya kulipia. Reli ilipangwa kivyake, barabara kivyake, matatu hazikupangwa na mtu.

Mwaka 2017 iliundwa NAMATA, mamlaka ya usafiri inayohusu Nairobi, Kiambu, Kajiado, Machakos na Murang'a. Hiyo ndiyo ipewe meno, ili vituo, ratiba na nauli za eneo zima viwe chini ya mkono mmoja. Mpaka wa kaunti ubaki au uhame, sina neno nao. Usiniambie tu kwamba kura ya kumchagua mwakilishi wa wadi itaizuia nauli ya shilingi 80 kuwa 150 mawingu yakitanda.

Na swali moja, ndugu: wewe mwenyewe umejiandikisha wapi?

Mwenyeji wa Ongata Rongai:

Wanangu, nimewasoma nyote wawili. Mnapopanga nani aingizwe wapi, kumbukeni kwamba huku kulikuwa na watu kabla ya malango yenu. Mnatutania kwamba Rongai ni ughaibuni, ilhali mliotoka kwenu ni ninyi. Hofu yangu ya kuingizwa Nairobi ni ardhi. Mfugaji aliyebakiwa na ekari chache nyuma ya nyumba zenu za ghorofa akitozwa kodi ya ardhi kwa kipimo cha jiji, atauza, na baada ya kuuza hana pa kwenda.

Huyu wa Ruiru anataka mjiandikishe mnakolala. Ni haki yenu, sitaipinga, ingawa najiuliza vijana wetu watachaguliwa na nani siku mtakapokuwa wengi kutuzidi. Ninachoomba ni kwamba mkijiandikisha, mje pia mikutanoni, mkae nasi juani, mjue mto wetu unaitwaje na kisima cha jirani kilikauka lini. Kura ya mtu asiyejua hayo inanitia wasiwasi.

Mleta hoja:

Mama, nimekusikia, na sina la kujitetea. Mikutano ya kutoa maoni kuhusu bajeti nimekuwa nikiisikia kwa jirani baada ya kwisha. Ikifanyika siku ya kazi saa nne asubuhi, mtaani kwetu huwa wamebaki watoto wadogo, mayaya na askari wa lango. Pengine mmoja wao angetuwakilisha vizuri kuliko sisi.

Ndugu wa Syokimau, katika suala la 2018 umenishinda. Kura ya Ruiru haifiki ofisi za jiji, na nakubali kwamba usafiri unahitaji chombo kimoja. Kifungu cha 189 cha Katiba kinaziruhusu serikali kuunda mamlaka za pamoja. Shaka yangu ni moja. Katika chombo cha namna hiyo kaunti zitavutana, na kila gavana ataingia mkutanoni akiwa na hesabu ya wapigakura wake kichwani. Msafiri ambaye hayumo katika hesabu ya Kiambu wala ya Nairobi atasemewa na nani pale mezani?

Swali lako la mwisho nililitarajia, wala halinipendezi. Jina langu bado liko Kakamega, katika shule ya msingi niliyosomea. Baba hataki nilihamishe; kwake ni kama kuuza sehemu yangu ya shamba. Agosti 2022 nilisafiri usiku kucha kwenda kupiga kura huko, nauli ikiwa imepanda maradufu, kwa kuwa binamu yangu aligombea uwakilishi wa wadi. Alishindwa. Niliporudi Ruiru nilipita kwenye shule iliyo karibu nasi, ile ninayoiona kutoka dirishani, nikakuta fomu za matokeo bado zimebandikwa mlangoni. Nilisimama hapo na gambuti zangu, nikasoma majina ya wagombea wa wadi yetu kuanzia juu hadi chini, na sikumjua hata mmoja.