Mjadala: Mtoto asiwe na akaunti mpaka atimize miaka 16?

Wadau, habari za jioni.

Tangu tarehe 10 Desemba 2025 Australia inazuia watoto walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye TikTok, Instagram, Facebook, Snapchat, X, YouTube na mitandao mingine kadhaa. Kwenye kikao cha familia yetu swali likaibuka: na sisi je? Shemeji yangu akasema hapana, malezi ni kazi ya mzazi. Mimi nasema ndiyo.

Juni, binti wa dada yangu alikuja kwangu likizo. Ana miaka 12, yuko darasa la saba. Nikamkuta kwenye kochi anafungua akaunti kwenye simu yangu ya zamani. Akaulizwa tarehe ya kuzaliwa. Akasukuma miaka kwa kidole gumba, 2012, 2009, 2005, akasimama kwenye 2001, akabonyeza endelea. Hata sekunde kumi hazikufika. Nikamuuliza mbona 2001? "Mamdogo, ukiweka ya kweli inakukatalia." Wenzake shuleni ndio waliomwelekeza.

Hicho ndicho kikomo tulicho nacho leo. Miaka 13, iliyotokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 kuhusu kukusanya taarifa za watoto mtandaoni. Sheria hiyo ilihusu taarifa. Usingizi wa mtoto na watu wanaomtumia ujumbe havikuwa hoja yake. Na mlinzi wa geti ni mtoto mwenyewe.

Wiki ya pili, saa saba usiku, nikaona mwanga ndani ya chandarua. Video ikiisha, nyingine inaanza yenyewe. Nilipofungua sehemu ya ujumbe nikakuta mwanaume asiyemjua amemwandikia: "Mambo mrembo, unasoma wapi?" Alikuwa hajajibu. Mikono ilinitetemeka, nawaambia ukweli.

Sasa shemeji, malezi nimefanya. Simu niliichukua, tukakaa tukazungumza mpaka akalia na mimi nikalia. Lakini natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala, narudi saa mbili usiku. Upande wa pili kuna watu wanaolipwa kuhakikisha mtoto haweki simu chini. Mtoto akiuziwa bia, mwenye baa ndiye anayebanwa, hatuishii kumlaumu mama yake. Hapo ndipo Australia wamenivutia: mtoto hatozwi kitu, mzazi hatozwi kitu, ila kampuni isiyochukua hatua za maana inaweza kupigwa faini hadi dola za Australia milioni 49.5.

Wanaosema watoto watakosa masomo, naona hofu yao ni kubwa kuliko jambo lenyewe. Kule WhatsApp haikuguswa, kwa hiyo kundi la darasa linabaki. Na somo la fizikia la YouTube linaweza kutazamwa bila kuwa na akaunti.

Kinachonisumbua zaidi ni namna ya kukagua umri. Hapa Tanzania kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA, hutolewa kuanzia miaka 18, kwa hiyo kijana wa miaka 16 au 17 atathibitishaje? Kwa kupigwa picha ya uso na kampuni iliyo ng'ambo? Na ili kumjua mtoto ni yupi, itabidi hata sisi watu wazima tukaguliwe. Mei 2025 tuliona hapa Tanzania X ikifungwa kwa wote, wakubwa kwa wadogo. Sitaki sheria ya watoto iwe funguo ya pili ya mlango huo. Australia wameweka masharti mawili ambayo ningeyataka neno kwa neno: kitambulisho cha serikali kisiwe njia pekee ya kuthibitisha umri, na taarifa zilizokusanywa kwa ukaguzi zifutwe kazi ikiisha.

Halafu kuna jambo ambalo sheria yao haiwezi kulitatua kwetu. Nyumba nyingi hapa zina simu moja, na ni ya mama. Mtoto anaperuzi kwa akaunti ya mama, na mtandao unaamini anayetazama ana miaka 38. Kikomo cha umri kitampita mtoto huyo kama upepo. Ndiyo maana nataka kampuni zilazimishwe kuweka kitufe kimoja, kwa Kiswahili, mama akibonyeze kabla hajampa mtoto simu: ujumbe wa wageni unazimika, video haianzi yenyewe, na saa ya kulala ikifika inajifunga.

Kuna hoja moja tu iliyonishinda. Mtaani kwetu yuko kijana kiziwi, miaka 15. Pale mtaani hakuna wa rika lake anayejua lugha ya alama. Marafiki zake aliwapata mtandaoni, wanatumiana video, nimemwona anavyocheka akiwa nao. Sheria ninayoitetea ingemkatia hao. Niliwahi kufikiria ruhusa maalumu ya mzazi, lakini ruhusa hiyo hiyo ataipata na yule wa 2001, maana dada yangu hakatai kitu.

Wenye watoto wa umri huu, semeni. Huyo kijana mngemfanyaje? Na nyumbani kwenu, usiku simu inalala wapi?