Naomba ushauri: Premio inagonga nikikata kona

Ndugu zangu, natumia Toyota Premio hapa Mbarara. Nikikata kona taratibu, hasa nikitoka getini, gurudumu la mbele kulia linagonga "ko! ko!" Kwenye barabara iliyonyooka, kimya. Fundi anataka tubadilishe shafti nzima (chuma kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu), lakini raba yake haijapasuka, grisi haijavuja, na mlio hauongezeki nikikanyaga mafuta. Tena hata gari likiwa limesimama, nikizungusha usukani tu linagonga. Mimi nashuku bol jointi (kiungo cha chini kinachoshikilia gurudumu) au beringi ya juu ya shokapu. Bol jointi ndiyo inaninyima usingizi: ikichomoka, gurudumu linalala gari likiwa mwendoni, na nabeba watoto kila asubuhi. Nipime nini kwanza kabla ya kufuata spea soko la Kisekka, Kampala? Je, jeki na mtaimbo vinatosha kuonyesha kama bol jointi imelegea?